Mguu Niliourekebisha

Kosa langu la mwanzo katika kazi hii lilikuwa kusahihisha mguu wa baba. Sisemi mguu wenyewe, wa nyama na mfupa. Nasema ule niliouchora. Nilimpiga video akivuka uwanja wa nyumba tuliyopanga hapa mtaani Munyaka, nikachora juu ya picha moja moja, na nilipoona mguu wa kushoto hauendi kama wa kulia nikadhani simu yangu ndiyo mbovu. Nikautengeneza. Ukawa mguu mzuri sana.

Hakuna mtu aliyekuwa amenifundisha uhuishaji, yaani kuifanya michoro itembee. Nilimaliza kidato cha nne, nikakosa alama za kozi niliyotaka, nikabaki nyumbani na laptopu ya mtumba yenye mstari mweusi upande mmoja wa skrini. Rafiki yangu tuliyesoma naye alikuwa chuoni kule Kesses, amepanga chumba kwenye ploti yenye waifai ya bure. Nilikuwa nikienda kwake, naketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, napakua masomo, halafu narudi nayo nyumbani kuyatazama bila kununua bando.

Masomo yote yalianza na mpira unaodunda. Nilifikiri nitaumaliza mpira asubuhi nianze kuchora watu mchana. Lakini mpira wangu wa kwanza haukuwa na uzito. Nilikuwa nimepima kwa rula, kila mchoro umbali sawa na mchoro uliotangulia, kwa hiyo ulishuka na kupanda kama kitu kinachovutwa kwa uzi. Ndipo nikajifunza kwamba jicho halioni mchoro, linaona nafasi iliyo kati ya mchoro na mchoro. Mpira ukiwa juu kabisa, michoro hukaribiana, kwa sababu pale mpira unasita. Ukikaribia chini, hutawanyika. Ukigusa sakafu hubonyea kidogo, kisha hurefuka unapoondoka. Michoro ni ileile, kinachobadilika ni umbali tu, na ghafla kitu kina uzito.

Mtu mwingine angejua hivyo akaendelea. Mimi nilibaki na mpira. Niliurudia hadi mama akaniuliza kama ni ule ule au ni mwingine. Siwezi kusema nilikuwa naupenda. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa na hakika kwamba kuna mtu mahali fulani, mtu anayejua, atakayeona mchoro mmoja uliokaa vibaya na kujua kwamba mimi ni mtu wa kubahatisha.

"Buda, huo mpira umeiva," rafiki yangu aliniambia siku moja nikiwa pale kwenye ndoo. "Toa kwa moto."

"Kuna fremu moja, mchoro mmoja tu, bado inanisumbua."

"Fremu haikusumbui. Wewe ndiyo unaisumbua."

Alicheka, nami nikacheka ili asijue kwamba nimeumia. Kisha nikarudi kwenye ile fremu.

Baada ya mpira huja mtu anayetembea. Hapo ndipo wengi huachia njiani. Unachora kwanza pozi kuu: kisigino kinapogusa ardhi, mwili unaposhuka kupokea uzito, mguu mmoja unapopita kando ya mwingine, mwili unapoinuka tena. Halafu unajaza zile za katikati. Kisha kuna njia ya mkato ambayo kila mwalimu wa mtandaoni anaifundisha. Ukishamaliza hatua ya mguu mmoja, huna haja ya kuchora ya mguu wa pili. Unanakili, unabandika upande wa pili, basi. Mtu anatembea milele.

Nilikuwa bado nahangaika na mtu wangu wa majaribio wakati baba aliponiletea kazi. Baba alikuwa karani wa ghala la nafaka kule Moi's Bridge. Aliondoka nyumbani kila Jumatatu kabla hatujaamka, akarudi Ijumaa na vumbi la mahindi kwenye nyusi. Kazi yake ilikuwa kupanda juu ya marundo ya magunia na chuma chenye ncha, kuchoma gunia hapa na pale, kuziangalia punje zinazotoka, kuziuma, kisha kusema gunia gani liingie na gani lirudi kwenye jua. Alikuja mji huu akiwa kijana kutoka magharibi, akaanza kwa kubeba magunia hayo hayo mgongoni. Pale ghalani hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Karani.

Kikundi cha wakulima wa upande huo kilitaka video fupi ya kutumiana kwenye simu, kueleza kwa nini mahindi yenye unyevu hayafai kufungwa kwenye gunia. Baba aliwaambia, "Kijana yangu huchora vibonzo vinatembea." Mama ndiye aliyenisimulia kwamba alisema hivyo. Mbele yangu hakuwahi kusema chochote kuhusu ninachofanya, isipokuwa kuuliza kama laptopu haiwezi kuniharibu macho.

Niliamua kwamba mkulima wa kwenye video atembee kama yeye. Jumamosi moja, mahindi ya majirani yakiwa ndiyo yanatoa ndevu, nilimwomba avae koti lake la kaki na kofia, avuke uwanja kutoka langoni hadi kwenye bomba la maji.

"Tembea tu kawaida, baba."

"Kawaida ni gani? Nimetembea miaka yote bila mtu kuniambia kuna kawaida."

Mama alikuwa akianika nguo. "Tembea kama umechelewa ibada ya pili," akasema.

"Mimi huwa sichelewi ibada. Wewe ndiyo huwa unanichelewesha ukitafuta kitambaa."

Akatembea. Mara moja kwenda, mara moja kurudi. Nikasema inatosha.

Nilipoanza kuchora juu ya video, mguu wa kulia haukunipa shida. Kisigino, mwili unashuka, mguu unapita, mwili unainuka. Kama kwenye masomo. Mguu wa kushoto ulikuwa na mambo yake. Goti lilipanda juu kuliko inavyotakiwa. Vidole vilining'inia. Mguu ulikaa hewani muda mrefu kuliko mwenzake, kisha wayo ukashuka wote kwa pamoja, pa, bila kisigino kutangulia. Ukitazama video kwa kasi yake ya kawaida usingegundua haraka. Ukiitazama picha baada ya picha, huoni kitu kingine.

Simu yangu ilikuwa imejaa na mara nyingine iliruka picha ikirekodi. Nikajiambia ndiyo hiyo. Nimejiuliza mara nyingi kama nilijua ukweli nikajifanya sijui. Sipati jibu. Ninachokumbuka ni kuudhika. Mguu ule ulikuwa unaniharibia kazi.

Inanipasa kueleza pia kwamba kwetu mtoto hauzungumzii mwili wa babake. Unaweza kumuuliza kama amekula, kama safari ilikuwa njema, kama koti limekauka. Huwezi kumuuliza mbona unatembea hivyo. Hilo ni swali la adui, au la mtu anayetafuta la kucheka. Kwa hiyo hata wazo la kwenda kumuuliza halikunijia. Yeye alikuwa sebuleni, hatua chache tu kutoka kitandani nilipoketi nikichora, akisikiliza habari kwenye redio.

Nikafuta michoro ya mguu wa kushoto. Nikanakili wa kulia, nikaubandika. Kisha nikafuta video kutoka kwenye simu ili nipate nafasi.

Kikundi kilifurahia video. Ilisambaa kwa wakulima, ikafika ghalani, na Ijumaa moja baba akaniambia nimfuate kule Moi's Bridge, watu wanataka kumwona mchoraji. Nilienda. Nilikuta vijana wa kubeba magunia wamezunguka simu moja mlangoni.

"Karani! Kuja uone vile umerudi kuwa kijana!"

"Koti ni ya Karani. Kofia ni ya Karani. Sasa hii miguu ni ya nani?"

"Ya polisi akiwa gwaride."

"Wewe mchoraji, si ungeweka ile yake? Ile ya jogoo kwa matope!"

Mmoja akaonyesha. Akainua goti juu, akaacha mguu uning'inie, akaushusha wote, pa, kwenye sakafu ya saruji. Wakaangua kicheko. Baba naye alicheka, kidogo, huku akifunga vifungo vya koti ambavyo tayari vilikuwa vimefungwa.

"Haya, magunia hayatajibeba," akasema. "Rudini kazini."

Waliniambia, kwa maneno ya wazi, mbele yake. Nami nilichosikia ni kwamba kazi yangu haifanani. Hilo tu. Nilirudi Munyaka nikafungua faili upya, na siku zilizofuata nikarekebisha pindo la koti liwe linachelewa kidogo nyuma ya mwili, kama nguo nzito inavyofanya. Nikarekebisha ukingo wa kofia. Nikarekebisha kivuli. Nikawatumia kikundi toleo jipya ambalo hakuna aliyeliomba, na hakuna aliyeona tofauti. Mguu sikuugusa. Mguu ulikuwa sahihi.

Mavuno yalipopamba moto, baba hakurudi Ijumaa zote. Malori yalikuwa yanapanga foleni na marundo ya magunia yalifika karibu na mabati. Nilikuwa nyumbani, napakia video ya mteja mwingine kwenye mtandao, simu ilipolia. Alikuwa msimamizi wa ghala.

"Kijana, mzee ameanguka. Alikuwa juu ya magunia akateleza. Tunamleta hospitali kubwa hapo mjini. Ambia mama."

Nikasema sawa. Nikakata simu. Kisha nikakaa nikitazama ule mstari wa kupakia hadi ukafika mwisho. Nadhani ulichukua muda. Ulipofika mwisho nikafunga laptopu, nikavaa viatu, nikavifunga kamba vizuri, nikaenda kumtafuta mama kwenye kibanda chake cha nguo.

"Baba ameanguka kazini," nikamwambia. "Ako sawa. Wanamleta."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia yuko sawa. Sijui niliitoa wapi. Mama aliacha nguo alizokuwa anakunja zikaanguka, na mimi nikaziokota nikazikunja kabla hatujaondoka.

Hospitalini tulimkuta amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu kando ya ukuta wa korido, kaki yake imejaa vumbi, msimamizi amesimama kando ameshika kofia ya baba. Walikuwa tayari wamempiga picha ya mguu wa kushoto. Mfupa wa kifundo ulikuwa umepasuka. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye haraka lakini mpole, akaieleza picha ile kwa mama akielekeza kwa kalamu. Watafunga plasta, mzee aende nyumbani apumzike, arudi kliniki.

"Mzee, ebu inua vidole vya huu mguu."

Vidole havikuinuka.

"Ni uchungu, daktari," baba akasema.

"Huu mguu ulikuwa na shida yoyote kabla uanguke?"

"Hapana."

"Kufa ganzi? Kuburuta? Kujikwaa?"

"Hapana. Mimi hupanda magunia kila siku. Mtu wa mguu mbaya anaweza kupanda magunia?"

Alisema hivyo akimtazama msimamizi, si daktari. Wakati huo nilielewa kitu kimoja, polepole, kama mtu anayesoma kibao cha mbali. Karani asiyeweza kupanda si karani. Kuna vijana wengi wanaojua kuuma punje. Baba alikuwa anajibu swali la mtu mwingine.

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alitaka kusaidia. Akatoa simu.

"Mzee alikuwa anatembea poa kabisa, daktari. Hata kijana wake alimchora. Angalia."

"Mwonyeshe," baba akasema. "Huyo ni mimi. Ni juzi tu hapo."

Daktari akainama juu ya simu. Pale kwenye kioo kidogo kilichopasuka pembeni, mkulima wa koti la kaki alivuka uwanja. Kisigino, mwili unashuka, mguu unapita, mwili unainuka. Pindo la koti likichelewa nyuma yake.

"Ni wewe umetengeneza?" daktari akaniuliza. "Wah. Safi sana. Ni kama mtu wa kweli."

Nilisikia raha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Baba amelala pale, vidole vyake haviinuki, na mimi nikasikia raha kwamba mtu msomi amesema ni kama mtu wa kweli. Ilikuja ikapita, na baada yake hakukuwa na kitu. Nilikuwa nimesimama tu.

"Si kweli," nikasema.

"Nini si kweli?"

"Mguu. Huo wa kushoto. Niliurekebisha."

"Wewe nyamaza," baba akasema.

"Mwache aongee," mama akasema.

"Mama yake, hii si maneno ya watoto."

"Nimesema umwache."

Daktari alikuwa ameshika faili la mgonjwa mwingine tayari. Akaliweka chini. "Ulikuwaje kabla urekebishe?"

Video nilikuwa nimeifuta. Michoro ya mguu ule nilikuwa nimeifuta. Niliyajua yote, goti linapanda hadi wapi, mguu unakaa hewani kwa muda gani, lakini niliyajua kama mambo ya kuchora, sikuwahi kuyasema kwa lugha ya mtu. Nikasema, "Unachelewa." Daktari akangoja. Nikasema tena, "Unachelewa kushuka."

Watu wa kazi yangu wana zoea moja. Kabla ya kuchora mwendo, unasimama unautenda kwa mwili wako, ili ujue uzito uko wapi. Mimi hufanya hivyo mlango ukiwa umefungwa, na nikisikia hatua nje naacha. Sikuwahi kukubali mtu anione, hata mama.

Nikamwambia daktari, "Ngoja nitembee."

Korido ilikuwa imejaa. Kulikuwa na benchi ndefu ya watu waliongoja, na mtu aliyekuwa anapangusa sakafu akasogeza ndoo yake nipite. Nikavuka kama baba. Kulia, kisigino. Kushoto, goti juu, vidole chini, ngoja, ngoja, pa. Nilihesabu kwa sauti kwa sababu bila kuhesabu ningeharakisha. Kulia. Kushoto, ngoja, ngoja, pa. Wayo wangu ulitoa sauti kwenye sakafu yenye maji.

"Huyu naye ako na nini?" mtu wa kwenye benchi akauliza.

"Anaigiza babake," mwingine akajibu. "Watoto wa siku hizi hawana haya."

Niligeuka mwisho wa korido nikarudi. Mama alikuwa ameweka mkono mdomoni. Alipoutoa akamwambia daktari, "Hivyo. Hivyo kabisa. Tangu msimu wa palizi. Viatu vyake vya kushoto vinaisha mbele, mimi ndiye huvipeleka kwa fundi."

Msimamizi alikuwa anatazama kofia aliyoshika. "Vijana walikuwa wanamtania," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi nilidhani ni utani tu."

Baba alikuwa amegeuza uso kwenye ukuta.

Baada ya hapo daktari hakuwa na haraka tena. Alimwinua baba kidogo, akampapasa mgongo mfupa kwa mfupa, akakwaruza wayo kwa ncha ya kalamu, akamuuliza maswali ya haja ndogo ambayo sikupaswa kusikia, nikasogea mbali. Nilimsikia akiuliza kama mgongo huuma.

"Mgongo wa mtu wa magunia huuma, daktari. Hiyo si ugonjwa."

"Tangu lini?"

"Kitambo."

Hakuenda nyumbani siku hiyo. Walimpiga picha ya mgongo, na ikaonekana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni umekandamizwa pale chini ya kiuno, umekandamizwa kwa muda mrefu. Si kuanguka kulikoleta shida ya mguu. Mguu ndio ulioleta kuanguka: ncha ya kiatu ilikuwa imenasa kwenye ukingo wa gunia. Daktari wa upasuaji, mzee wa maneno machache, alituambia watauachilia mshipa, na kwamba kama wangempeleka nyumbani na plasta tu, huenda mguu ungekufa kabisa, na huenda na mambo mengine yangefuata. Mama akamuuliza kama tungekuja mapema ingekuwaje.

"Ingekuwa afadhali," akasema. "Kiasi gani, siwezi kujua."

Nililiweka jibu hilo mahali fulani ndani yangu na bado liko pale. Halinichomi. Liko tu, kama kiti ambacho hakuna anayekikalia.

Upasuaji ulienda vizuri. Mguu ulirudi nusu. Vidole vinainuka kidogo akivikazia macho, na kwa fimbo anaweza kufika stejini, kwenye kituo cha matatu, na kurudi. Ghala lilimpa kazi ya langoni, ya kuandika namba za malori akiwa ameketi. Aliikubali kwa msimu mmoja, kisha akasema hawezi kukaa langoni akitazama watu wengine wakichoma magunia vibaya, akarudi nyumbani. Kazi yake ya magunia ndiyo aliyokuwa anaikinga siku ile akisema hapana, hapana, hapana. Mimi ndiye niliyeitoa siri yake, nikaiweka mbele ya msimamizi wake kwenye korido.

Kwa muda mrefu hakuniongelesha zaidi ya yaliyo lazima. Lete maji. Funga mlango. Sikumlaumu. Tuliishi hivyo, yeye sebuleni na redio, mimi kitandani na laptopu, na nilipokuwa nikichora nilimsikia akifanya mazoezi aliyofundishwa, wayo ukigonga sakafu. Sikulia wakati wowote katika mambo haya yote. Mama alidhani nina moyo mgumu. Rafiki yangu alinipigia kutoka Kesses akaniambia, "Lakini si unaeza lia tu, bro, hakuna mtu anakuangalia." Nikamwambia najua. Kisha tukaongea kuhusu kitu kingine.

Niliwaandikia wale wa kikundi cha wakulima nikawaambia ningependa kuibadilisha video bila malipo, kuna kosa kwenye mwendo. Katibu wao akajibu kwamba video ni nzuri, watu wameizoea, nisijisumbue. Bado wanaisambaza. Mavuno yakikaribia hurudi kwenye simu yangu kutoka kwa watu wasiojua ni mimi niliyeitengeneza, na baba anavuka uwanja kwa miguu miwili mizima.

Asubuhi moja, mama akiwa ameenda kibandani, baba aliita kutoka uwanjani.

"Wewe. Lete hiyo simu."

Nikatoka nayo. Alikuwa amesimama karibu na bomba na fimbo yake, amevaa koti la kaki.

"Siku ile hospitalini," akasema, "ulinitembea vibaya."

Nikasema, "Pole, baba."

"Sijasema uniambie pole. Ulikuwa unatupa mkono wa kulia kama mlevi. Mimi huwa natupa mkono hivyo?"

"Sijui."

"Hujui kwa sababu ulikuwa unaangalia mguu peke yake. Mtu si mguu. Mguu ukichelewa, bega linaungoja. Angalia sasa."

Akatembea kuelekea langoni. Nilisahau kubonyeza kitufe cha kurekodi. Ilikuwa kweli. Bega la kulia lilikuwa linashuka na kukaa, likiungoja mguu wa kushoto ufike, na mkono ulitulia kando ya mwili kama kitu kilichoshikwa. Alipofika langoni akageuka.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Umeshika kwa simu?"

"La. Nilisahau."

Akaguna. "Vibonzo gani hivyo vya kusahau," akasema. Akarudi, akaanza tena kutoka kwenye bomba, na mara hii nilirekodi. Katikati ya uwanja nikamuuliza kama mguu unauma. Lilikuwa swali la kwanza la aina hiyo nililowahi kumuuliza. Akasema asubuhi hauumi, jioni unauma. Akaendelea kutembea.

Siku hizi sinakili mguu mmoja nikaubandika mahali pa mwingine. Nachora yote miwili, ingawa inachukua muda mara mbili, na kazi nyingi zinatoka nyumbani zikiwa na fremu ambazo sizipendi. Nikiona kitu nisichokielewa katika mwendo wa mtu, namuuliza mwenyewe kabla sijakigusa, hata akiwa mkubwa wangu.